Mhudumu kanuna, bia vuguvugu, chenji hakuna: namna ya kuirekebisha baa yako

Mteja akikaa dakika kumi bila kuulizwa anakunywa nini, mara nyingi hagombani. Anatazama kulia, anatazama kushoto, anachukua funguo zake na kuvuka barabara kwenda baa ya jirani. Mwenye baa hatajua, kwa sababu asiyenunua haandikwi kwenye daftari.

Mwongozo huu ni wa wenye baa na mameneja, hasa wa baa zetu za kawaida hapa Tanzania: viti vya plastiki, jiko la nyama choma pembeni, runinga ya mpira, wahudumu watano au sita. Malalamiko ya wateja wa baa hizi yanafanana kila mji. Mhudumu kanuna. Bia imekuja vuguvugu. Chenji haionekani. Bili imebambikwa bia mbili. Na mwenye baa akisikia, hufanya yaleyale: anaita kikao, anafoka, anafukuza wawili na kuajiri wengine wawili. Baada ya wiki chache na hao wapya wamenuna.

Nimesimamia baa za namna hii, na msimamo wangu ni kwamba uso wa mhudumu unatengenezwa kaunta. Ukianza kumfundisha kuchangamka kabla hujagusa mahesabu yake, unapoteza muda wako na wake. Ndiyo maana hatua za mwanzo hapa chini hazimhusu mteja moja kwa moja. Zifuate kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: Tuma mtu usiyefanana naye

Usiende mwenyewe. Ukiingia getini tu kila mtu anasimama wima, friji inafutwa, na wewe unaletewa bia ya baridi kabla hujakaa. Tuma mtu ambaye wahudumu hawamjui, umpe hela ya bia mbili na sahani ya mishkaki, basi. Huduma mbovu haimpati mtu anayeagiza chupa kubwa na kuzungusha raundi. Inampata anayeagiza kidogo: kijana aliyevaa ndala, mzee anayekunywa soda, mwanamke aliyekaa peke yake. Huyo ndiye wa kumtuma.

Atume taarifa ya mambo machache tu: alikaa muda gani kabla ya mtu kumkaribisha, aliambiwa maneno gani ya kwanza, bia ilifunguliwa wapi, bili ilihesabiwaje, chenji ilirudi au alisahaulishwa. Mtume Jumanne moja na Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi. Siku hizo mbili zina baa mbili tofauti ndani ya jengo moja.

Hatua ya 2: Fungua daftari la shoti

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Baa nyingi zinaendeshwa hivi. Mhudumu anachukua bia kaunta, ama kwa kulipa taslimu kutoka mfukoni mwake, ama kwa kuandikiwa. Anapeleka mezani. Usiku wakifunga anapiga mahesabu na mtu wa kaunta, na kinachopungua kinaitwa shoti, na shoti ni yake. Mteja akitoroka bila kulipa, shoti. Mteja akivunja glasi, shoti. Mtu wa kaunta akikosea kuandika, mara nyingi shoti hiyo nayo inamwangukia mhudumu, kwa sababu kaunta ndiyo yenye kalamu.

Sasa fanya hesabu. Tuseme bia ni shilingi 2,000. Vijana wanne wakanywa bia 12, wakasema wanaenda chooni, wakapotea. Hiyo ni shilingi 24,000. Kwa mhudumu anayelipwa kwa mwezi, hizo ni siku kadhaa za kusimama kwa miguu zimeondoka kwa dakika tano. Mtu aliyepitia hapo hawezi kumwangalia mteja mgeni kwa moyo mweupe. Ataganda kwenye meza moja ya watu anaowajua, meza nyingine ataziacha. Atakudai hela kabla hujashika glasi, tena kwa sauti inayokuambia kwamba anakushuku. Kwa wapita njia hiyo inaonekana ni jeuri. Ni hofu ya shoti.

Wengi hawajui kwamba jambo hili lina sheria yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, inayotumika Tanzania Bara, hairuhusu kumkata mfanyakazi kiholela kwa hasara ya kazini. Lazima hasara iwe imetokana na kosa lake, apewe nafasi ya kujieleza, akubali makato kwa maandishi, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake. Mteja aliyetoroka wakati mhudumu yupo jikoni kufuata nyama ya meza nyingine ni hasara ya biashara.

Fanya hivi. Kwanza, amua kama baa yako ni ya kulipa kila oda inapofika au ya kulipa mwisho. Vyote viwili vinafaa, ila uamuzi uwe wa baa, uandikwe ukutani kwa herufi kubwa: TAFADHALI LIPA UNAPOHUDUMIWA. Mhudumu akidai hela atakuwa anatekeleza utaratibu, na mteja hataona kwamba ameshukiwa yeye. Pili, kama ni ya kulipa mwisho, bili ikae kaunta, na mtu wa getini aambiwe meza zenye bili wazi. Tatu, daftari la shoti liwe na kurasa mbili kwa kila usiku, moja ya makosa ya mtu na nyingine ya hasara za baa, na mhudumu aweke sahihi yake mwenyewe baada ya kusoma. Ukifanya hivi kwa mwezi mmoja utaona jinsi ukurasa wa pili ulivyokuwa unajificha ndani ya ule wa kwanza.

Hatua ya 3: Saa za kazi na njia ya kurudi nyumbani

Sheria hiyohiyo inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku, na siku za kazi zisizidi sita kwa wiki. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ni kazi ya usiku, na kila saa yake inaongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Baa hufanya biashara yake kubwa ndani ya saa hizo, lakini nyongeza hiyo ni adimu kuiona kwenye karatasi ya malipo. Anza kuilipa.

Jambo linaloumiza zaidi ni ratiba. Dada anafunga saa 8 usiku, anatafuta bodaboda kwa hela yake, anafika kwake Mbagala au Gongo la Mboto, na saa 3 asubuhi anatakiwa awepo kudeki na kuuza supu. Mtu huyo jioni ile hana uso wa kumpa mteja. Weka kanuni isiyovunjwa: aliyefunga usiku hafungui asubuhi. Na usafiri wa usiku uwe wa baa. Patana na bodaboda mmoja au wawili unaowajua, walipwe kaunta, wawafikishe mlangoni. Gharama yake ni bia chache kwa usiku, na sioni sababu ya mwenye baa mwenye roho nzuri kuikwepa.

Hatua ya 4: Kila meza iwe na mwenyewe

Ukimaliza ya ndani, njoo ukumbini. Andika namba kwenye meza, uzigawe. Meza 1 hadi 6 za fulani, 7 hadi 12 za mwingine. Bila hivyo kila mhudumu anaamini mgeni ni wa mwenzake, na mgeni anabaki akipunga mkono hewani. Meza zizunguke kila siku, kwa sababu zile za karibu na runinga zina wanywaji kuliko za karibu na choo.

Kanuni ya kukaribisha ni fupi: mteja akikaa, aone jicho na asikie neno, hata kama mikono imejaa. “Karibu kaka, nakuja sasa hivi.” Hilo tu linamtuliza mtu dakika tano. Kinachomchukiza ni kupitwa mara tatu na mtu anayejifanya hamwoni.

Maneno yenyewe nayo yana mpangilio. Kwa mtu mzima, “Shikamoo mzee” au “Shikamoo mama”, kisha karibu. Wapo wazee wasiopenda shikamoo wakiwa baa, watakuambia wenyewe na mtacheka. Kwa wengine, kaka, dada, bosi. Piga marufuku “mpenzi”, “baby” na “mume wangu”. Mhudumu anadhani anachangamsha, kumbe mezani kuna mke, au kuna mtu anayesoma humo mwaliko ambao hakupewa. “Sema” peke yake, ile ya kusimama na trei kiunoni, ife kabisa. Badala yake: “Nikuletee kinywaji gani? Ya baridi au ya moto?”

Hatua ya 5: Baridi iwe baridi

Kwetu swali la baridi au ya moto ni swali la kweli. Wapo wanaokunywa ya moto, ile ambayo haijaingia friji, maisha yao yote, na mhudumu asiwashangae wala kuwabembeleza wabadili. Ya moto iwekwe mahali penye kivuli, si nje kwenye kreti inayopigwa na jua la saa 9. Shida ni ile isiyo baridi wala ya moto, ambayo mteja anaambiwa “ina ubaridi kidogo”.

Chupa iliyoingia kwenye friji saa 10 jioni haitakuwa baridi saa 11, hasa friji ikiwa inafunguliwa kila dakika. Friji ijazwe usiku wakati wa kufunga. Za zamani zivutwe mbele, mpya ziende nyuma, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye chupa iangaliwe hapohapo. Umeme ukikatika, au wateja wakiwa wengi ghafla, weka beseni kubwa lenye barafu, maji na chumvi ya kutosha. Chumvi inashusha joto la maji chini ya nyuzi sifuri, na maji yanaigusa chupa pande zote, jambo ambalo barafu tupu haliwezi. Ndani ya robo saa hivi una bia ya kuuza. Usiitupe kwenye friza na kuisahau: bia ya kawaida huganda nyuzi chache tu chini ya sifuri, na chupa itapasuka.

Kisha mezani. Chupa ije imefungwa. Mhudumu aifute maji, aiweke mbele ya mteja, amwache aiguse, aulize “Nifungue?”, ndipo afungue palepale. Bia iliyofunguliwa kaunta irudishwe, hata kama ni ya halali, kwa sababu mteja hana njia ya kujua kilichotokea njiani. Glasi ioshwe kwa maji yanayotiririka na isuuzwe mpaka sabuni iishe. Beseni moja la povu la kuoshea glasi mia usiku kucha ndilo linaloleta ile harufu ya samaki, na mafuta yaliyobaki kwenye glasi huua povu la bia.

Hatua ya 6: Bili, visoda, ofa na chenji

Ugomvi wa baa nyingi ni wa hesabu. Mteja anakumbuka sita, mhudumu ana nane, na chupa tupu zilishaondolewa na kijana wa usafi. Kwa hiyo chupa tupu zisiondoke bila ruhusa ya mteja, na kisoda cha kila bia kibaki kwenye kisahani palepale mezani. Kila raundi iandikwe kwenye kikaratasi na isomwe kwa sauti: “Kaka, hii ni Safari mbili na Kili moja, jumla sasa ni tano.” Akisomewa anapokuwa bado na akili timamu, mwisho hakuna la kubishana. Mwanzoni kabisa aulizwe: “Bili moja au kila mtu na yake?” Swali hilo likiulizwa saa 6 usiku limeshachelewa.

Ofa inahitaji uwazi. Mteja akimpa mhudumu ofa, yaani akimnunulia bia, ni haki ya mhudumu, lakini iandikwe kwa jina lake: ofa, moja, ya nani. Mchezo unaojulikana ni bia ya ofa kutofunguliwa, ikarudi kaunta, na mhudumu akachukua hela yake kwa siri. Mimi nashauri uuhalalishe. Asiyetaka kunywa akiwa kazini alipwe thamani ya ofa yake mwisho wa zamu, waziwazi, ilimradi mteja alitamka mwenyewe. Kisichokubalika ni “Bosi, mimi sinywi?” inayorudiwa kila raundi, na ofa inayotokea kwenye bili bila mtu kuitoa.

Chenji ni kazi ya mwenye baa. Kaunta ifunguliwe ikiwa na noti za 1,000 na 2,000 na sarafu za kutosha, zikiwemo za 500, zikae kwenye kopo lake, zisiguswe kununulia mkaa. Ukiacha kufanya hivyo, unamlazimisha mhudumu kwenda kuomba chenji kwa muuza sigara huku mteja akiamini anazungushwa. Kwa malipo ya simu, lipa namba ya biashara ibandikwe kila meza, na ujumbe wa malipo uingie kwenye simu ya kaunta. Mhudumu anayemwambia mteja “tuma kwenye namba yangu” asimamishwe siku hiyohiyo hadi maelezo yapatikane. Na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, itoke bila kuombwa.

Hatua ya 7: Mlinde anayehudumia

Mwanamume akimshika mhudumu kiuno, mhudumu atakunja uso, na mteja wa meza ya tatu atasema baa hii wana nyodo. Hajaona kilichotangulia. Kama hujaweka ulinzi hapa, usidai tabasamu.

Wahudumu wote wajue kwamba wana ruhusa ya kuacha meza na kumwita meneja, bila kueleza mbele ya watu. Meneja aende mwenyewe, ainame, aseme kwa sauti ya chini: “Kaka, karibu sana, tutakuhudumia vizuri. Ila dada zetu hapa hawashikwi.” Akirudia, bili yake iletwe na aondoke, hata awe ndiye mnunuzi mkubwa wa usiku ule. Nimeona wenye baa wakisita hapo kwa sababu ya hela. Wahudumu wanaona kusita huko, na kesho yake kazi inafanywa kwa moyo wa kulazimishwa.

Ulinzi huu ni wa mteja mwanamke pia. Aliyekuja peke yake amekuja kunywa kinywaji chake, na asiulizwe anamsubiri nani. Mwanamume wa meza nyingine akisema “mpelekee yule dada bia”, mhudumu asipeleke kabla ya kumuuliza dada mwenyewe kwa siri kama anaitaka. Akikataa, jibu lirudi kwa heshima na mambo yaishe hapo.

Hatua ya 8: Jikoni waseme ukweli

Nyama ipimwe kwenye mizani mbele ya mteja ikiwa mbichi, na aambiwe kabisa kwamba itapungua ikichomwa. Mchoma nyama akisema dakika arobaini, mhudumu asimwambie mteja “sasa hivi”. Kachumbari, pilipili na maji ya kunawa vitangulie.

Hatua ya 9: Mteja anapolalamika

Anayelalamika bado anaitaka baa yako. Meneja asimame mezani kwake, asikilize mpaka mwisho bila kumkatiza na bila kumwita mhudumu aje kujitetea hadharani. Kisha visoda vihesabiwe pamoja. Bia yenye utata iondolewe kwenye bili hapohapo, hata kama meneja ana mashaka, na mteja aombwe radhi kwa maneno ya kawaida: “Samahani kaka, hapa tumekukosea.” Namba ya simu ya mwenye baa ibandikwe mahali panapoonekana, ipokelewe na mtu anayeweza kuamua.

Bia iliyofutwa iandikwe kwenye ukurasa wa hasara za baa, pamoja na jina la mhudumu wa meza hiyo na la mtu wa kaunta aliyekuwa zamu. Isikatwe kwa yeyote usiku ule. Mwisho wa wiki mwenye baa akae na daftari. Jina likitokea mara moja, zungumza na mwenye jina faraghani. Likijirudia, mpe barua, msikilize akiwa na mwenzake wa kumsindikiza, ndipo uchukue hatua. Na ukikuta wahudumu wanabadilika lakini jina la kaunta ni lilelile kila mara, ujue ni wapi pa kuanza kuuliza.